Vipandio Hamsini na Vinne

Mganga hajigangi. Waliotunga msemo huo hawakumjua Panda-Shuka, lakini ungedhani walikaa naye meza moja. Kwa miaka thelathini na minne mzee huyu alitengeneza lifti za watu: za hospitali, za mabenki, za hoteli ambazo mfungua mlango amevaa vizuri kuliko mkurugenzi. Jina la Panda-Shuka alipewa na mafundi wenzake, nalo likamganda. Na muda wote huo yeye mwenyewe aliishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Shimo la lifti lilikuwepo, maana aliyechora jengo alikuwa na nia njema, ila nia iliisha njiani na shimo likageuzwa stoo ya ndoo na mafagio. Kutoka mlango wa mtaani hadi mlango wake kulikuwa na vipandio hamsini na vinne. Alivihesabu siku aliyohamia na mkewe, na tangu siku hiyo havikupungua hata kimoja.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu. Mkewe alikuwa amefariki, miezi kumi sasa, na vipandio vile ndivyo vilivyokuwa kesi.

Miezi mitatu nyuma, akipanda na mfuko wa mkate na maziwa, alianguka. Alibingirika vipandio tisa, kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, na maziwa yakamfuata hadi chini. Daktari akasema ni kizunguzungu, akamwandikia vidonge. Binti yake wa kwanza, mwanamke ambaye hajawahi kuanza jambo akaliacha nusu, alimchukua siku ileile akamweka kwake, kwenye chumba cha chini ambako nguo za nyumba nzima husubiri pasi.

"Baba, nimeshaongea na mwenye nyumba," alimwambia baada ya miezi miwili, akikunja mashuka. "Mwisho wa mwezi ujao tunarudisha funguo. Wewe unabaki hapa."

"Nani kasema?"

"Mimi. Labda unioneshe kwamba unaweza kupanda mwenyewe. Bila kushikwa, bila kusimama katikati kizunguzungu kikakubeba. Mpaka juu, mimi nikiangalia kwa macho yangu haya. Ukiweza, nakurudishia funguo na sisemi neno."

"Wewe na kutosema neno," alisema baba yake, "mmeonana lini?"

Binti alicheka. Yeye hakucheka, ingawa utani ulikuwa wake. Utani ulikuwa unamtoka wenyewe, kama maji kwenye bomba ambalo mtu amesahau kulifunga.

Hapa lazima jambo moja lisemwe wazi. Panda-Shuka hakuwa na huzuni. Watu walimwona kimya, wakamhesabia huzuni. Kule mazikoni macho yake yalikuwa makavu, na wanaume wenzake wakampiga begani wakisema amejikaza kweli. Alishangaa. Mtu hujikaza anapovutwa, na yeye hakuvutwa na chochote. Alikuwa amekaa na mwanamke mmoja miaka arobaini na sita, wakamfukia, akarudi nyumbani, akanywa chai, na hakukumbuka kama chai ilikuwa na sukari. Tangu hapo ilikuwa hivyo. Chakula kilikuwa kitu cha kutafuna. Alijichunguza usiku na mchana akitafuta pale panapouma, asipaone, na alianza kujionea aibu. Alichotaka ni kurudi kwake tu. Hata hilo alilitaka bila furaha, kama mtu anavyotaka kulala upande wake wa kitanda.

Ndipo binti akampeleka kwa msichana wa mazoezi.

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya zahanati. Kilikuwa na kitanda cha ngozi bandia kilichochanika pembeni, kioo kirefu, mipira mikubwa iliyopungua upepo, na katikati kulikuwa na ngazi ya mbao: vipandio vinne vya kupanda, kijukwaa, vinne vya kushuka upande wa pili. Panda-Shuka aliitazama.

"Hii inakwenda wapi?" aliuliza.

"Haiendi popote, babu."

"Basi tutaelewana."

Msichana huyo alikuwa mtaalamu wa viungo. Alikuwa mwembamba, mwenye viatu vya raba vyeupe, na shingoni alining'iniza saa ya kuhesabia sekunde, ile ya wakufunzi wa mbio. Panda-Shuka alimwita Bi Saa, na kufikia alasiri wafanyakazi wote wa zahanati walikuwa wanamwita hivyo.

Bi Saa alimpima miguu, akamwambia haina ubaya. Misuli ipo, magoti yanalalamika kama magoti yote ya umri wake, lakini yanafanya kazi. "Kilichobaki ni kichwa," alisema. "Mtu akianguka, mwili unapoteza imani. Sasa mimi nitakufundisha kupanda ngazi ukiwa umekaa."

"Nimekaa?"

"Umekaa kwenye kiti, umefumba macho. Unawaza kila hatua. Mkono unashika chuma cha ngazi, chuma ni baridi. Mguu wa kulia unanyanyuka, uzito unahamia, goti linasukuma. Ukiwaza sawasawa, ubongo unafanya karibu kazi ileile ya kupanda kweli. Halafu tunakwenda kupanda kweli, na mguu unakuta njia imeshafyekwa."

Binti, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, alikunja uso. Kwake yeye mazoezi yasiyotoa jasho yalikuwa uvivu uliosomewa. Lakini baba yake aliitikia kwa kichwa polepole.

"Hiyo naijua," alisema. "Nikiitwa kwenye lifti mbovu, sikuwa nagusa kitu. Nasimama nje, naiendesha kichwani. Mota, breki, kamba, mlango. Mara nyingi kosa naliona kabla sijatoa bisibisi mfukoni. Vijana walidhani nasinzia."

"Basi wewe ni mwanafunzi wangu bora," alisema Bi Saa.

Na kweli alikuwa bora. Siku ya kwanza alikosea kidogo, maana alijiona kwa nje, mgongo wake mwenyewe ukipanda, kama mtu anayemwangalia jirani. Bi Saa akamsahihisha: "Usijitazame, babu. Ingia ndani yako." Akaingia. Zoezi lilikuwa hivi: akianza kupanda kichwani anainua kidole, akifika anakiinua tena, na Bi Saa anabonyeza saa. Kisha anapanda kweli, saa inabonyezwa tena, na muda unalinganishwa. Kwa ngazi ya mbao, kichwa kilitumia sekunde kumi na mbili, miguu kumi na tatu. Kwa kutembea korido ya zahanati hadi dirisha la dawa na kurudi, kichwa na miguu vilikwenda sawa, sekunde kwa sekunde. Bi Saa alisema wazee wengi kichwani wanakimbia kana kwamba bado wana miaka thelathini, halafu miguu inawaumbua. Huyu alikuwa mkweli mpaka ndani.

Wiki ya tatu wakahamia, bado kwa kuwaza, kwenye ngazi za kwake zenyewe, zile hamsini na nne.

"Upo mlango wa mtaani," alisema Bi Saa. "Panda mpaka kwako. Kidole."

Kidole kikainuka. Nje mtu aliburuta kitanda cha magurudumu na kupita. Binti alitazama kucha zake, akatazama kioo, akamtazama baba yake aliyekaa wima, mikono magotini, macho yamefumbwa. Dakika moja ikapita. Ikapita ya pili. Dakika tatu na sekunde nane kidole kikainuka tena.

Bi Saa aliitazama saa kama imemkosea adabu. Aligeuka kwa binti. "Alipokuwa anapanda kweli, kabla ya ajali, alitumia muda gani?"

"Dakika moja na nusu. Hazifiki mbili. Tangu mama afariki nilikuwa nakuja nyuma yake, nilikuwa namwambia, baba, taratibu."

"Uliwahi kumwona anapanda peke yake?"

Binti alifikiri. "Peke yake, hapana."

Wakarudia, ikawa dakika tatu na sekunde kumi na moja. Wakarudia tena siku iliyofuata, ikawa dakika tatu kamili. Bi Saa akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana.

"Leo, babu, panda ukisema. Sauti. Niambie uko wapi."

"Nimefungua mlango," alisema Panda-Shuka, macho yamefumbwa. "Nimeshika chuma. Kimoja, viwili. Hapa pana ufa. Tisa, kona. Kumi na nane, ghorofa ya kwanza, mtu anakaanga vitunguu. Naendelea. Ishirini na saba, kona nyingine, ile yenye dirisha." Akanyamaza.

"Endelea."

"Nimesimama."

"Umechoka?"

"Hapana."

"Kizunguzungu?"

"Sina kizunguzungu mimi. Sijawahi kuwa nacho. Daktari alisema, nikanyamaza."

"Sasa umesimama kwa nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini, babu?"

"Afike," alisema, kama anayejibu swali la kijinga. "Mama yao. Ana moyo mbaya, hawezi kupanda mfululizo. Mimi natangulia mpaka dirishani, nageuka, naachia chuma, nampa mkono. Anapumua. Akishapumua ananiuliza, 'Fundi, lifti yangu iko wapi?' Namwambia, 'Iko njiani, mama watoto.' Ndiyo tunaendelea."

Alisema yote hayo kwa sauti ileile aliyosemea ufa. Kisha akafumbua macho, akakuta binti yake amejiziba mdomo kwa mkoba na mabega yanamtetemeka.

Basi ndivyo ilivyokuwa siku ya kuanguka. Alifika kipandio cha ishirini na saba, akageuka, akaachia chuma, akanyoosha mkono nyuma kumpa mtu, na mtu hakuwepo. Miaka arobaini mwili ulikuwa umefanya hivyo, na hakuna aliyeuambia uache. Mazoea yana taabu. Vidonge vya kizunguzungu alivyomeza miezi mitatu vilikuwa vinatibu ugonjwa wa daktari.

Panda-Shuka alimwangalia binti yake akilia. Alimwangalia kwa makini, jinsi machozi yanavyotoka, jinsi pua inavyofuata. Alitamani. Aliona kwamba mwanawe amepewa kitu ambacho yeye ndiye alistahili kukipata kwanza, na hakujua kakiomba wapi.

"Nieleze basi," alimwambia Bi Saa. "Inatengenezwaje?"

Bi Saa alisitasita. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakufundishwa jambo hili darasani. "Lazima kile kisimamo kitoke," alisema mwishowe. "Dada kasema bila kusimama, na kweli ni hatari. Kila siku mara mbili, unapanda kichwani, ukifika dirishani mkono unabaki kwenye chuma, hugeuki, unapita. Mpaka mwili ujifunze upya. Lakini babu, kama..."

"Lifti ikisimama mahali ambapo hakuna aliyeiita, hiyo ni hitilafu," alisema Panda-Shuka. "Hitilafu inaondolewa."

"Unaweza kufikiria kwanza."

"Nimefikiria."

Hakuwa amefikiria. Alitaka kurudi kwake, na hii ndiyo ilikuwa njia.

Akaanza. Asubuhi baada ya chai na jioni kabla ya taarifa ya habari, alikaa ukingoni mwa kitanda kwenye chumba cha pasi, rundo la nguo za mkwewe pembeni, akafumba macho akapanda. Siku za kwanza ilikuwa kazi. Alifika dirishani, mkono kwenye chuma, hakugeuka, akapita, na nyuma yake alisikia pumzi zile, fupi, zenye filimbi kidogo mwishoni. Alisikia, "Fundi." Hakujibu, akaendelea hadi thelathini na sita. Aliandika muda kwenye karatasi aliyopewa: dakika mbili na sekunde arobaini.

Siku ya tano sauti ilitokea ghorofa ya kwanza, mbali kidogo, kama ya mtu anayeita akiwa na kanga mdomoni. Siku ya tisa ilitokea chini kabisa, mlangoni, na hakupata maneno, ila alijua ni mkewe. Dakika moja na sekunde hamsini. Binti alikuwa anachungulia mlangoni, anauliza, "Vipi baba, umepita?" na yeye anajibu, "Nimepita." Binti anaweka alama ya vema kwenye karatasi, maana huyo hata shuka akikunja huweka alama.

Siku ya kumi na tatu alipanda hamsini na vinne kwa dakika moja na sekunde thelathini na tano, na ngazi zilikuwa kimya. Akatazama karatasi. Kazi ilikuwa safi. Angekuwa kijana wake wa kazini angempa mkono wa pongezi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walikwenda watatu, yeye, binti, na Bi Saa aliyeomba ruhusa kazini kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona mwanafunzi wake kwenye ngazi za ukweli. Binti alitangulia juu akasimama mlangoni na funguo mkononi. Bi Saa alibaki chini na saa yake.

Panda-Shuka akashika chuma. Kilikuwa baridi, kama alivyokijua. Kimoja, viwili, ufa. Kwenye kona ya kwanza goti lilimkumbusha umri, akalisikiliza, hakulitii. Ghorofa ya kwanza hapakuwa na vitunguu. Alipanda bila haraka na bila kukatika, mguu ukikuta mahali pake, mkono ukiteleza juu ya chuma. Alipita dirisha. Ghorofa ya pili. Kona ya mwisho. Akaona viatu vya binti yake, kisha sketi, kisha uso wake unaocheka na kulia kwa pamoja.

"Moja na thelathini na tatu!" Bi Saa alipiga kelele kutoka chini. "Babu! Bila kusimama hata nukta!"

Binti alimkumbatia, akampa funguo. "Umenishinda," alisema. "Sisemi neno." Kisha akasema mengi: kuhusu maziwa yatakayoletwa mlangoni, kuhusu simu ya kila asubuhi, kuhusu mazulia yatakayoondolewa. Akaingia ndani kufungua madirisha. Bi Saa alipanda akihema, akaingia jikoni kumsaidia kutafuta vikombe.

Panda-Shuka aliketi kwenye kiti chake. Chumba kilinuka vumbi. Kila kitu kilikuwa pale alipokiacha, naye alikuwa pale alipotaka kuwa, na alingoja kuona kama atafurahi. Hakufurahi. Basi akafumba macho, kwa mazoea tu, akapanda.

Alipanda vizuri. Ngazi zilikuwa kimya. Alifika dirishani akajaribu kusikiliza, miguu ikapita yenyewe. Akarudi mlangoni akaanza upya. Safari hii alitaka kugeuka, na hakuweza. Mkono ulikuwa umeng'ang'ania chuma kama alivyoufundisha, na mwili ulikwenda mbele, hatua kwa hatua, hadi mlangoni. Mara ya tatu alimwita mkewe kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Hakuna kilichopumua. Mazikoni alikuwa ameambiwa amempoteza, na hakuelewa wanasema nini, kwa sababu kila siku alikuwa anampa mkono pale dirishani. Sasa ndiyo amempoteza, na ni yeye mwenyewe aliyefanya hivyo, asubuhi na jioni, na akaandika muda.

Aliinuka akatoka. Wale wawili jikoni walisikia mlango, wakadhani amekwenda kuangalia shimo la mafagio. Aliposhuka hadi kona ya dirisha hakuishia hapo. Alishuka hadi chini, hadi mtaani, akageuka, akaanza kupanda. Kimoja, viwili.

Binti alitokea mlangoni wakati baba yake alipofika kipandio cha kumi na tano, akamwona kupitia uwazi wa katikati ya ngazi. "Baba? Unafanya nini? Mara moja inatosha!"

Akapanda hadi ishirini na saba, na pale mwili ulitaka kupita. Aliuzuia. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kupanda kote kule. Akasimama.

"Baba!" Sasa binti alikuwa anashuka mbio, viatu vikigonga. "Umesimama! Tulikubaliana nini? Umesimama!"

"Najua."

"Kizunguzungu?"

"Hapana." Hakugeuka kumtazama, maana alikuwa anatazama chini, vile vipandio tisa alivyobingirika. "Namngoja mama yako."

Binti alifika kipandio cha juu yake akasimama. Mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kuliacha jambo nusu, alikuwa na kila haki ya kunyoosha mkono na kuzidai tena zile funguo. Masharti yalikuwa yake, na baba alikuwa ameyavunja kabla chai haijachemka. Alimtazama kichwa kilichojaa mvi. Alitazama mkono wake wa kulia, ulioanza kulegea kwenye chuma, ukitaka kwenda nyuma.

"Haji, baba," alisema taratibu.

"Najua haji."

Dirishani gari lilipita. Bi Saa alikuwa amesimama juu na vikombe viwili, hajui aviweke wapi.

"Basi mngoje," alisema binti. "Kila siku ukitaka. Lakini shika chuma."

Mkono ukakishika tena chuma, ukakaza. Na hapo, kwenye kipandio cha ishirini na saba, ikamjia. Haikuanzia machoni, ilianzia magotini, ikapanda, ikafika kifuani ikakosa nafasi. Panda-Shuka alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Milango ya ghorofa ya kwanza ilifunguliwa, watu wakachungulia, wakafunga. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyebonyeza saa, na hakuanguka.